Flashi Isiyoacha Alama

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama nje ya ofisi ya bandari, nimekumbatia boksi lenye kikombe changu na kalenda, mlinzi akinipungia mkono huku anacheka. Kwa wewe uliyekuwa umelala: nilifukuzwa kazi kwa sababu ya gemu. Makarani wote wa ofisi ile walikuwa wakicheza kutoka kwenye flashi yangu. Meneja alipowakamata na kuwauliza wamelitoa wapi, kila mmoja alilitaja jina langu bila hata kusita. Siku hiyo ndiyo nilijua nina marafiki wengi.

Naitwa Kepueli. Mzaliwa wa Tongatapu, kisiwa kikubwa cha Tonga, umri wa kuoa umeanza kunipita, kazi sina, lakini majivuno bado ninayo. Hayo majivuno ndiyo yaliyonimaliza.

Maana flashi yangu haikuwa ya nyimbo na filamu kama za watu wengine. Yangu ilikuwa na programu zake zenyewe. Ya kuandikia ipo, ya hesabu ipo, ya kukata muziki ipo, na gemu ndiyo usiseme. Unaichomeka kwenye kompyuta yoyote, ya serikali au ya shule, hata ile waliyoifunga mtu asiingize kitu, na kila programu inaamka na kufanya kazi humohumo ndani ya flashi. Ukimaliza unachomoa. Kompyuta inabaki kama haijaguswa.

"Haiachi alama," nilikuwa nikiwaambia watu, huku naipigapiga kifuani iliponing'inia kwa kamba. Nililisema mara nyingi mpaka nikaliamini.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta baada ya hapo.

Mnamkumbuka Kalolaine, binti pekee wa Mchungaji Saimone. Nampenda, naye ananipenda, sijui ameona nini. Baba yake ndiye aliyekuwa haoni kitu. Mchungaji aliletwa kijijini kwetu kutoka visiwa vya Vava'u, hana ndugu hapa, na habari za kufukuzwa kwangu zilimfikia kabla mimi sijafika nyumbani. Akatuma neno kwamba nisikanyage lango lake.

Aliyeniokoa ni dada yangu Losaline. Yeye ndiye kiongozi wa alto kwenye kwaya, mtu ambaye hata wazee wakibishana humwangalia yeye. Alienda kwa mchungaji na kukaa chini kwenye mkeka, akasema maneno ambayo sikustahili. Alisema kaka yake ni mjinga lakini si mchafu. Alisema jina lake yeye ndilo dhamana.

Mchungaji akalainika kidogo. Akasema basi, Mkutano Mkuu wa kanisa unakuja, kwaya ina wimbo mpya mgumu, na huyo kijana wa kompyuta aonyeshe kompyuta yake inafaa nini. Wimbo ukienda vizuri kwenye mazoezi ya mwisho, mbele ya kijiji kizima, jamaa zangu walete mikeka na nguruwe, tuzungumze habari za Kalolaine. Ukienda vibaya, mwana wa mtu kutoka Neiafu, kwao Vava'u, ameshapiga hodi kumposa.

Sisi nyimbo tunaziandika kwa namba, si kwa yale madudu meusi yenye mikia. Namba zinaandikwa kwenye ubao mkubwa, sauti nne, kila mtu anasoma mstari wake. Mimi nikasema ubao ni mambo ya mababu. Nikasema namba zitawaka ukutani kwa projekta, kila sauti na rangi yake. Nikazinakili zote kwenye programu yangu, halafu, kwa mkono wangu mwenyewe, nikaufuta ubao.

Kompyuta ya kanisa tulitumiwa na ndugu zetu wa Auckland. Aliyeifunga kwa neno la siri ni katibu wa zamani, ambaye sasa yuko Australia anachuma matunda na hapokei simu ya mtu yeyote wa kanisa, akidhani tunataka mchango. Kwa hiyo hakuna kinachoingia humo wala kinachohifadhiwa. Wimbo ulikuwa kwenye flashi yangu tu, na flashi ilikuwa shingoni mwangu, na mimi nilikuwa natembea kijijini kifua mbele.

Ndipo akaja Shangazi Melenaite.

Mlio na mashangazi mnadhani mnawajua. Hamjui. Kwetu dada mkubwa wa baba akiingia nyumbani, hata kuku wanashusha sauti. Akikipenda kitu, ni chake. Huulizwi, hununi, unakibeba mpaka kwake na unashukuru. Huyu wangu ameshachukua jokofu, kitanda cha wageni, na nguruwe wawili niliowapa majina. Hata jina la mdogo wangu alichagua yeye, mama aliambiwa baadaye.

Alikaa, akanywa chai, akaulizia afya za watu ambao afya zao hazimhusu. Kisha akanitazama kifuani.

"Hicho ndicho chenye karata?" akauliza.

Nikasema ndiyo, shangazi, karata zimo, lakini ni kitu cha kazi ya kanisa. Akanyoosha mkono. Nikamtazama baba. Baba akatazama dari. Nikasema labda anivumilie kidogo ninakili wimbo wa kwaya kwanza, nitamletea mwenyewe kesho.

Baba akakohoa. "Kepueli," akasema, "shangazi yako amenyoosha mkono."

Nikaivua. Nikampa. Nikasema asante.

Kuna kitu sijawaambia, na hapa ndipo nataka mnitukane taratibu. Ndani ya flashi ile kulikuwa na gemu moja la mpira wa wavu wa ufukweni. Wachezaji ni wasichana, na fundi aliyewashonea nguo ni kama aliishiwa kitambaa mwanzoni kabisa mwa kazi. Gemu lenyewe zuri, halina ubaya, mpira unapigwa, filimbi inalia. Lakini si kitu cha kuonwa na dada yako.

Na kwetu hilo si la mzaha. Kaka na dada hatukai chumba kimoja kutazama filamu, maana hujui mbele kuna nini. Likitajwa neno la mwilini, mmoja anatoka nje. Binamu zako nao ni kaka na dada zako, kwa hiyo ukikaa vibaya unaweza kutoka nje siku nzima. Mwanamume aliyemwaibisha dada yake hivyo anahama kijiji, na wapo waliohama.

Kwa hiyo nililificha. Nikaliweka kwenye folda, na folda nikaipa jina Zaburi. Nilijiona mwerevu, kwa sababu hakuna karani duniani atakayefungua folda inayoitwa Zaburi. Nilisahau kwamba kuna watu ambao kufungua Zaburi ndiyo kazi yao.

Shangazi Melenaite hana kompyuta. Mimi nilidhani atakwenda kucheza karata kwa binti yake. Kumbe wiki ile ilikuwa zamu yake ya kumlisha mchungaji. Akawa anabeba sinia la viazi vikuu na lu, ile nyama ya kufungwa kwenye majani ya magimbi, iliyojaa tui, anampelekea mchungaji, na mchungaji akila, yeye anakaa kwenye laptopu ya mchungaji na kucheza karata. Akiondoka anaiacha flashi palepale, ya nini kuibebabeba na kesho anarudi.

Nilipoambiwa hilo nilikimbilia kwa mchungaji na kusimama nje ya lango ambalo sikutakiwa kulikanyaga. Akatoka barazani. Nikajiandaa kupokea laana.

"Kepueli," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole ambao sijawahi kuupata kwake. "Nimezipitia zile Zaburi zako."

Nikaishika nguzo ya lango.

"Nilikuchukulia mwepesi," akaendelea, macho yakiwa kwenye ua wa jirani. "Kumbe una mambo. Zinahitaji utulivu. Si za kuharakisha."

Akarudi ndani na kufunga mlango.

Nilisimama pale jasho likinitiririka kama niliyemwagiwa ndoo. Nikajiambia labda alifungua folda nyingine. Nikajiambia labda zimo Zaburi za kweli ambazo mimi mwenyewe nilizisahau. Mtu akitaka kujidanganya hahitaji msaada wa jirani.

Kalolaine alinifuata hadi langoni. Akaniambia baba yake siku hizi hali chakula mezani, anajifungia chumbani kwake na laptopu, na ametoa amri asigongewe. Yeye na mama yake wanaamini anaandaa mahubiri ya Mkutano Mkuu.

"Sijawahi kumwona amejituma namna hii," akasema, na alikuwa anamwonea fahari. Ndiyo maana sikumwambia kitu. Sikuwa na moyo huo.

Nilimwendea Shangazi mara mbili kumwomba aniazime tu. Mara ya kwanza akasema mtoto mzuri haombi alichokitoa. Mara ya pili akasema mchungaji mwenyewe amemwomba flashi ibaki kwake kidogo, na yeye hawezi kumnyima mtumishi wa Mungu. Mazoezi ya mwisho yalikuwa yamekaribia. Waimbaji wameanza kuniuliza namba ziko wapi. Losaline hakuniuliza, na hilo liliniumiza zaidi. Aliniamini.

Nikakaa chini nikafikiri. Nani duniani anaweza kumnyang'anya Shangazi Melenaite kitu? Polisi hawawezi. Mheshimiwa mwenye ardhi hathubutu. Halafu nikapata jibu na nikacheka peke yangu. Dawa ya moto ni moto. Shangazi naye ana shangazi.

Bibi Siu'ila, dada wa marehemu babu yangu, anaishi Kolovai, upande wa pili wa kisiwa, chini ya ile miti ya popo. Macho yake yameingia ukungu lakini ulimi haujaguswa. Nikampelekea mguu wa nguruwe na kumweleza shida yangu kwa maneno ya adabu, nikizunguka mbali.

Akanisikiliza huku anasuka. "Kwa hiyo unataka nikamnyang'anye mtoto wa kaka yangu kitu mbele za watu," akasema.

Nikaapa kwamba hapana, siwezi kutaka jambo kama hilo, mimi nilikuja kumsalimia tu.

Alikuwa ameshasimama, anajifunga ta'ovala, ule mkeka wake wa kiunoni wa kwendea misibani na harusini. "Sijatoka siku nyingi," akasema. "Washa gari."

Tuliwakuta kwa mchungaji. Shangazi Melenaite alikuwa amekaa mbele ya laptopu, sinia tupu pembeni, karata zinamtii. Bibi Siu'ila aliingia hakusalimia. Akanyoosha mkono.

"Melenaite. Hicho."

Natamani mngeuona uso wa shangazi yangu. Yule mwanamke aliyebeba jokofu letu bila kupepesa jicho, alipepesa. Akatazama huku na huku kama kuna mtu wa kumtetea, na mtu hakuwepo. Akaichomoa flashi akampa. Akasema asante, shangazi, kwa sauti ya mtu aliyemeza mwiba. Nilifurahi. Nilifurahi vibaya, na Mungu aliniona.

Mchungaji Saimone alitokea mlangoni, hata kola hakuivaa. Akasema kwa heshima zote kwamba kama inawezekana flashi ibaki kidogo, kuna Zaburi hajazimaliza.

"Zimo kwenye Biblia," Bibi akamjibu.

Nikanyoosha mikono yote miwili mbele ya Bibi, mgongo nimeuinamisha, tayari kupokea.

Bibi Siu'ila akaipapasa ile flashi. Akaigusa kamba yake. Akaivaa shingoni mwake na kuilaza vizuri juu ya kifua.

"Kizuri," akasema. "Chepesi."

Ndugu zangu, niliruka majivu nikakanyaga moto. Njia nzima nilibembeleza. Nikamweleza wimbo, nikamweleza ndoa, karibu nilie kwenye usukani. Bibi akasema hakuna shida, siku ya mazoezi atakuja nayo mwenyewe, itachomekwa mbele ya macho yake, maana anataka kuona hicho kilichomtoa Kolovai. Nikamwomba basi niichungulie mara moja tu kabla ya siku hiyo. Akauliza kama baba yangu hakunifundisha adabu.

Siku ikafika.

Ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka watoto wakakaa madirishani. Kwaya imejipanga mbele, wanawake kushoto, wanaume kulia. Losaline kwenye mstari wa alto, mgongo umenyooka. Kalolaine kwenye soprano, ameniangalia mara moja na kutazama chini akitabasamu. Mchungaji Saimone yuko kiti cha mbele, na sikumwelewa siku ile, maana alikuwa anatokwa jasho zaidi yangu. Bibi Siu'ila alikalishwa kiti cha heshima, flashi inang'aa kifuani. Shangazi Melenaite alikaa nyuma yake akiitazama kama mtoto aliyenyang'anywa peremende.

Projekta ilikuwa imeshawashwa, ukuta mweupe unasubiri. Nikanong'ona kwamba ingefaa tuizime kwanza, niandae mambo, halafu tuiwashe.

"Usizime," Bibi akasema kwa sauti ya ukumbi mzima. "Macho yangu yenyewe mabovu, bado unataka kunizimia?"

Watu wakacheka. Akaivua flashi na kunipa. Nikaichomeka.

Sasa niwaambie kosa la kitaalamu, na ni langu peke yangu. Flashi ile nilikuwa nimeipanga isiniulize maswali. Ukiichomeka inafungua yenyewe kile kilichotumiwa zaidi siku za karibuni. Uvivu wa kubonyeza, basi. Nilipokuwa bandarini ilinisaidia sana.

Filimbi ikalia.

Ilipigwa kwenye spika za kanisa, zile kubwa za ibada ya Krismasi. Ukuta mzima ukageuka ufukwe, na katikati ya ufukwe akaruka msichana mrefu kuliko mlango, mpira mkononi, na ile nguo yake isiyotosha.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali wangepiga. Losaline aliinamisha macho, akageuka, akatoka kwa mlango wa pembeni. Hakuniangalia. Kisha wakaanza wengine. Maana kwenye ukumbi ule kila soprano ana kaka kwenye besi, na kila alto ana binamu kwenye tenor. Wanawake wakatokea kushoto, wanaume wakatokea kulia, kimya kimya, vichwa chini. Baba yangu alitokea mlango huu na Shangazi Melenaite mlango ule. Watoto wakavutwa masikio kutoka madirishani. Kwaya iliyosifiwa kisiwa kizima ikayeyuka bila kuimba noti moja.

Nje walisimama wote wakizunguka ukumbi, migongo wameielekeza kwetu. Migongo tu. Masikio yalikuwa ndani.

Tulibaki wanne. Mchungaji, asiye na ndugu kijijini. Kalolaine, mtoto wa pekee. Bibi Siu'ila, ambaye kaka zake wote wako makaburini. Na mimi, ambaye pa kwenda sikuwa napo.

"Hao watoto ni wa nani?" Bibi akauliza, akikodolea ukuta. "Wamekuja kuoga bila nguo?"

Nilikimbilia kuichomoa, na mkono ukagandia njiani. Msichana alikuwa ameshaondoka ukutani, na mahali pake yakatokea maandishi makubwa meupe. Gemu lile ukianza linakuuliza jina lako, na likishalijua halilisahau. Mtu mwongo angeandika jina la mwenzake. Mtu mkweli aliandika lake.

Karibu tena, Saimone.

Nikamtazama mchungaji. Mchungaji akanitazama. Nikaelewa Zaburi, nikaelewa mlango uliofungwa na chakula kisicholiwa mezani. Na nikaelewa ile flashi niliyoipigapiga kifuani miaka yote. Kweli haiachi alama kwenye kompyuta ya mtu. Alama zote inaondoka nazo yenyewe.

"Naona maandishi," Bibi akasema. "Kepueli, yanasemaje? Soma kwa sauti."

Nje migongo yote ilitulia. Hawakuona kitu zaidi ya yule msichana. Wangejua kile tu nitakachokisoma.

Mchungaji Saimone aliinuka, akaja taratibu, akasimama nyuma yangu. Mkono wake ukatua begani kwangu. Mimi, wasomaji wangu, nilimwonea huruma. Lakini tusidanganyane. Niliona mikeka pia. Niliona nguruwe wanapelekwa, na Kalolaine amevaa nguo ya harusi. Mtu huyu baada ya leo angeninyima nini?

"Imeandikwa," nikasema. "Imeandikwa, karibu tena... Kepueli."

Ule mkono begani ukashusha uzito wote.

"Mungu akusamehe, mwanangu," mchungaji akasema kwa sauti iliyofika hadi nje. Hajawahi kuniita mwanangu.

Kupitia dirisha nilimwona Losaline. Alikuwa amesimama pembeni kidogo ya wengine. Mabega yake yalishuka, na mama mmoja wa alto aliyekuwa amemshika mkono akamwachia. Yule aliyemwambia mchungaji kwa kinywa chake kwamba kaka yake si mchafu. Siku moja watoto wangu walikuwa wamwite yeye shangazi. Akaanza kutembea kuelekea barabarani, peke yake, na hakuna aliyemfuata.

Nilitaka kumwita. Sikumwita.

"Soma tena."

Ilikuwa sauti ya Kalolaine. Alikuwa bado amesimama mahali pake pa soprano, viti vitupu vimemzunguka, macho yake ukutani. Hakuwa anatabasamu. Nikakumbuka kwamba kuta za nyumba yao ni za mbao, na kwamba filimbi ile si leo alipoisikia mara ya kwanza.

"Kalolaine," baba yake akasema. "Nenda nyumbani kwa mama yako."

"Nitakwenda, baba. Asome kwanza." Akanigeukia. Hakupaza sauti, lakini nje palikuwa kimya kiasi kwamba najua walimsikia, na barabarani Losaline alikuwa amesimama. "Mimi nina macho, Kepueli. Yaliyoandikwa nimeyaona. Ninachotaka kujua ni kama ninaolewa na mtu anayesoma kilichoandikwa."

Mkono begani ukarudi, mzito kuliko mwanzo.

"Kwani imeandikwa nini?" Bibi Siu'ila akauliza, akitugeuzia uso mmoja mmoja. "Mbona kusoma mstari mmoja kunawashinda watu wazima watatu?"

Nikageuka nikautazama ukuta. Jina lilikuwa limeshatoweka. Gemu lilichoka kutusubiri, likaleta swali lake lingine, lile lile linalomuuliza kila anayerudi, na chini yake visanduku viwili vinawakawaka, cha ndiyo na cha hapana.

Unataka kuendelea ulipoishia?